Ukurasa Niliousahihisha

Kiminini, Jumapili alasiri

Simiyu mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Tongaren kumuaga nyanya, na nyumba imekuwa kimya hata nasikia kuku wakitembea juu ya mabati ya jikoni. Mkirudi mtanikuta nimeshapika, nitacheka, nitakuuliza kama nyanya amekupa ndizi za kubeba. Kwa hivyo acha niandike sasa, kabla sijavaa ule uso wangu wa mwalimu. Barua nitaitia ndani ya shati lako la bluu. Usiisome ndani ya basi watu wakikuchungulia. Isome ukifika.

Mambo ya blanketi, sabuni, na kutompa mtu usiyemjua akushikie mzigo, hayo nimeyasema mpaka jana ukaniambia, "Mama, hii ni mara ya kumi na nne." Ati ulikuwa unahesabu! Sirudii. Nina jambo moja tu, na nimelificha miaka tisa.

Alhamisi tulikuwa tunapanga vitu vyako. Nikavuta kutoka chini ya kitanda ule mrundo wa madaftari yako ya michoro na maandishi, moja kila muhula tangu darasa la tatu. Nikakuuliza utabeba yapi. Wewe ulikuwa unafunga kamba za viatu, hukuinua hata kichwa.

"Choma tu, Mama. Hayo ni yako."

Nikacheka. "Yangu vipi na ni wewe uliyachora?"

"Nilikuchorea wewe," ukasema, kisha ukatoka nje kuangalia kama soksi zimekauka.

Hukusema kwa hasira. Ungesema kwa hasira ningejua la kufanya, maana hasira za vijana nimezizoea, nimefundisha darasa la nane miaka kumi na sita. Ulisema kama mtu anayerudisha jembe la jirani.

Acha nianzie pale ulipoanzia. Ulikuwa darasa la pili nilipokuletea lile daftari la sayansi, lenye ukurasa mmoja mweupe na ukurasa mmoja wa mistari. Panya walikuwa wamelila pembeni kule stoo ya shule, halingeweza tena kupewa mwanafunzi. Nikakwambia uchore upande mweupe na uandike upande wa mistari, na nilijua kufika Ijumaa litakuwa limejaa magari. Wapi! Ulilifanyia kitu ambacho mimi na vyeti vyangu sikukufundisha. Ulichora kwanza, bila kujua utaandika nini. Kisha unakaa unauangalia mchoro wako mwenyewe kana kwamba umeletewa na mtu mwingine, na hapo ndipo unaandika.

Unakumbuka jogoo wetu aliyekuwa akichechemea? Ulichora mguu wake, mguu peke yake, ukurasa mzima. Upande wa mistari ukaandika: "Nilidhani amekanyaga msumari. Nimechora nikaona ni uzi." Tukaenda kumshika, na kweli, uzi wa gunia ulikuwa umemkaza kidole mpaka kikavimba. Sisi watu wazima wawili tulimwangalia jogoo yule wiki nzima tusione kitu. Baba yako akasema, "Huyu akishika penseli anaona kuliko sisi wote." Na mistari ikikwisha ulikuwa unavuka, unaandika hata ndani ya mchoro, na vimishale: hapa palinuka, huyu alikuwa anaimba, huyu ameniangalia vibaya.

Nilikuwa nalichungulia ukiwa shuleni, nacheka peke yangu kama mwehu. Halikuwa na tiki hata moja. Nataka ujue kwamba mama yako aliwahi kusoma kitu bila kalamu mkononi. Ilikuwa mwaka mmoja hivi, na sijui kama nimewahi kuwa na raha nyingine ya namna hiyo.

Kisha tukapoteza Nafula.

Unamkumbuka dada yako? Sijawahi kukuuliza. Katika nyumba hii jina lake tumelizunguka kama shimo la choo cha zamani, kila mtu anajua lilipo na hakuna anayelikanyaga. Alizaliwa wakati wa mvua, ndiyo maana akaitwa hivyo, na aliishi mwaka mmoja na miezi miwili. Shingo yake ilikuwa fupi, na akikuona ukitoka shule anapiga makelele majirani wote wajue Simiyu amefika. Picha hatuna. Baba yako alitaka tumpeleke studio Kitale akiwa bado wa kubebwa. Mimi nikasema hapana, tungoje asimame mwenyewe, nataka atokee amesimama. Ndivyo nilivyo, kitu lazima kikamilike kwanza ndipo kionekane. Alisimama, na mimi nikasema tungoje shule zifungwe.

Wiki ile baba yako alikuwa Lwakhakha kwa biashara yake ya nguo, kama kawaida, wa kurudi Jumamosi. Shuleni tulikuwa na mtihani wa majaribio wa darasa la nane na mimi ndiye niliyeusimamia. Nafula alikuwa akishinda kwa jirani, Mama Beti, na wewe ukitoka shule saa saba unamchukua mnakaa naye barazani. Jumanne ikanyesha ile mvua ya mawe iliyoyalaza mahindi yote ya upande wa barabara. Nilipofika nyumbani nikakuta mmetoka mpaka uani, nyote wawili mna barafu viganjani, mikono imekuwa myekundu, na mnacheka. Nikawafokea mkaingia ndani. Ijumaa nikamkimbiza hospitali akihema kwa mbavu. Jumamosi asubuhi hatukuwa naye. Daktari alisema ni nimonia.

Tulimzika Tongaren. Siku ya tatu tukanyolewa nywele kama ilivyo desturi, tukarudi hapa Kiminini, na Jumatatu nikaenda kazini. Mwalimu mkuu akanifuata mpaka darasani. "Madam, si ukae nyumbani hata wiki moja? Haki hakuna mtu atakuuliza." Nikamwambia watoto wana mtihani wa taifa mbele yao. Nikabeba mrundo wa madaftari mpaka nyumbani, nikakaa mezani, nikasahihisha. Kesho yake tena. Wewe ulikuwa unapita karibu na meza, unasimama kidogo, unaenda. Nilikuona. Nilikuwa nasikia hata pumzi zako, Simiyu, na sikuinua kichwa.

Jumatano nikafungua daftari la katikati ya mrundo nikakuta ni lako.

Ulikuwa umelitia humo mwenyewe. Uliona ni mahali gani mama yako anaangalia, ukaenda kulipanga foleni pamoja na ya watoto wa watu. Mtoto wa miaka tisa.

Upande mweupe ulimchora Nafula. Si mtoto yeyote tu, ni yeye hasa, na ile shingo fupi, na lile jino la juu lililotoka limepinda. Kwenye nywele ulibonyeza penseli mpaka karatasi ikatoboka. Upande wa mistari kulikuwa na sentensi tatu. Ya kwanza ilisema, "Huyu ni Nafula." Ya pili ilisema, "Mama halii, Mama anasahihisha." Ya tatu nitaiandika chini huko, kwa sasa mkono haukubali.

Unajua nilichofanya, lakini wacha nikiseme kwa mdomo wangu. Nilichukua kalamu nyekundu. Nikapiga mstari chini ya sentensi ya pili, nikaandika pembeni, "Eleza zaidi." Nikatia tiki kwenye mchoro, ile tiki yangu ya mkono mzima wanafunzi wanayoipenda, ikaanzia kidevuni kwa Nafula ikapanda ikapita juu ya jicho. Chini nikaandika saba juu ya kumi. Kazi nzuri, ongeza bidii. Nikalifunga nikachukua lingine.

Asubuhi ulilichomoa. Nilikuwa nakukorogea uji, nikakuona ukilifungua.

"Mama, hii ni saba?"

"Ai, kumbe ni lako?" nikasema. "Pole baba, nilidhani ni la mwanafunzi. Hata sikusoma."

Ukasema, "Sawa." Ukanywa uji, ukaenda shule.

Simiyu, nilisoma. Nilisoma mara mbili na nikaelewa kila neno, na mwandiko wako naujua kuliko wangu. Miaka tisa umeamini kwamba mama yako alipitiwa kwa sababu ya msiba, na najua umenisamehe hilo, kwa sababu wewe ni mtu wa kusamehe. Ulisamehe kitu ambacho hakikutokea. Kilichotokea ni kwamba mtoto wangu aliniuliza jambo, nikaogopa, nikampa alama. Kalamu nyekundu ndiyo chumba changu cha kujifichia. Mtu akiwa nayo mkononi hakuna anayemuuliza hali yake.

Wiki iliyofuata ukaniletea daftari jipya mwenyewe. "Mama, sahihisha." Ulikuwa umechora bendera ya taifa, na maelezo yake yamenyooka, rangi moja moja na maana yake. Nikakupa nane. Kisha ikaja "Safari Yetu ya Kitale", kisha "Faida za Ng'ombe", kila Ijumaa, mchoro kushoto na maneno kulia, hakuna kimshale, hakuna neno lililovuka mstari. Nikakupa tisa. Mimi nikafurahi! Nikayabeba mpaka ofisi ya walimu kuyaonyesha, nikaringa nayo kama mtu ambaye ng'ombe wake ameshinda kwenye maonyesho.

Ni Madam Grace wa darasa la sita aliyegundua. Aliyafungua matatu, manne, akaniuliza, "Mwalimu, mbona watu wa huyu kijana wako wote wamegeuka?"

"Wamegeuka vipi?"

"Si uangalie. Hakuna mwenye sura hapa. Wote wanatuonyesha mgongo."

Nikamwambia ati uso ni mgumu kuchora, watoto wote huukwepa. Mimi nikasema hivyo! Mimi niliyekuwa nimeuona uso uliouchora ukiwa darasa la tatu. Jioni ile nilirudi nikayapitia yote, na ni kweli. Baba yako akipima nguo, mgongo. Nyanya akipepeta maharagwe, mgongo. Mimi umenichora mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja nimeinamia meza na kisogo changu kinakuangalia. Ningekuita siku hiyo. Ulikuwa darasa la saba, bado ungenikalia mapajani kama ningekulazimisha. Sikukuita. Nikaendelea kukupa tisa, nawe ukaendelea kuleta, mpaka tukafika Alhamisi.

Sasa unakwenda chuo cha ualimu, na watakupa kalamu nyekundu yako mwenyewe. Sikukatazi kuitumia, ni kazi na ni kazi nzuri. Lakini siku moja katikati ya yale madaftari arobaini utakuta kitu ambacho si zoezi. Hakitakuwa na kichwa cha habari na hakitakutangazia. Pengine kitakuwa mchoro wa mlango. Naomba siku hiyo uiweke kalamu mbali, kule dirishani usikoweza kuifikia, umtafute mwenye daftari popote alipo, hata kama kengele imelia. Usimwambie umefurahi au amechora vizuri. Mwulize tu ilikuwaje, ukae, umngoje.

Na wewe mwenyewe nunua daftari. Si la kuleta nyumbani. Chora kwanza kama ulivyokuwa unachora, kabla hujajua unachotaka kusema, maana wewe ukianza na maneno unakuwa mwerevu, na werevu umenirithi mimi. Mchoro wako haujui kudanganya. Leo mlipotoka nilijaribu mwenyewe, usicheke. Nikafunga mlango, nikataka kumchora Nafula. Nikatoa yai lenye macho. Nikahama upande wa maneno, nikaandika sentensi mbili juu yake, na kabla sijaanza ya tatu nikajikuta nimejipigia mstari chini ya neno. Mimi mwenyewe! Niliitupa ile kalamu nikalia mpaka Mama Beti akabisha mlango kuuliza kuna nini. Nikamwambia ni vitunguu.

Kuna uongo mwingine. Lile daftari la kwanza nilikwambia lilipotea tulipohama kutoka nyumba za walimu kuja hapa jirani tu. Halikupotea. Nililitoa kwenye mkoba wako likiwa bado na harufu ya maandazi, nikalificha ndani ya sanduku la vyeti, chini ya cheti cha ndoa, na liko huko hadi leo. Ndilo picha ya pekee tuliyo nayo ya mtoto yule. Huwa nalitoa baba yako akiwa Lwakhakha. Nimejaribu kuuondoa ule wino mwekundu, nikajaribu ndimu, nikajaribu maziwa kama wanavyosema, wino ukabaki na sikio lake likafutika. Nisamehe na sikio hilo pia. Nilitaka kukurudishia kesho, nimelishika tangu saa nane, na sikuweza kulitia kwenye sanduku lako. Ni lako na mimi ni mwizi. Nipe muda kidogo.

Sasa ile sentensi ya tatu. Uliiandika ndogo kuliko zile zingine, chini kabisa kwenye mstari wa mwisho: "Ni kwa sababu nilimtoa nje kuona mvua ya mawe?"

Uliweka alama ya kuuliza, ukairudia kwa penseli mpaka ikawa nene. Mimi juu yake nikaandika saba juu ya kumi.

Na ninajua ulikolitoa swali hilo. Ile siku ya kunyoa, wanawake wa Tongaren walikuwa wamenizunguka, na mmoja wao, mtu mwema, hakuwa na ubaya, akauliza, "Lakini mtoto alianzaje, Mama Simiyu?" Nikasema, "Alipigwa na baridi ya ile mvua ya mawe." Wote wakaitikia, wakasema ai, barafu kwa mtoto mdogo, pole. Wewe ulikuwa umekaa mlangoni, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nilikuona ukisikia. Niliyaona macho yako yakienda kwenye mikono yako. Sentensi ile ilikuwa imenifaa, Simiyu, hakuna aliyeniuliza jingine, kwa hivyo niliirudia kwa mwalimu mkuu, nikairudia kwa baba yako, na mpaka leo ndivyo anavyojua.

Haikuwa hivyo. Nafula alianza kukohoa Jumapili kanisani, siku mbili kabla ya mvua. Nilimsikia, nikamnywesha dawa ya kifua iliyobaki kwenye chupa yako. Jumatatu Mama Beti alinifuata mpaka njiani. "Madam, huyu mtoto kifua kinalia, si umpitishe zahanati?" Zahanati iko mkabala na geti la shule, unaijua, ukisimama langoni unasoma bango lake. Nikamwambia, "Mtihani ukiisha." Jumatano akaniambia tena, nikamjibu vibaya. Mtihani uliisha Alhamisi mchana, na alasiri ile nikakaa nijumlishe alama kwanza.

Kesho ukishaondoka nitamwambia baba yako. Sijui atasema nini. Inaweza kuwa hatasema kitu, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi, lakini nitamwambia, na usirudi nyumbani kwa ajili yangu.

Uliniuliza ukiwa na miaka tisa, na hukuuliza tena, na utoto wako wote umekua na swali hilo ndani yako, ukinichorea migongo kwa adabu kila Ijumaa. Jibu nilikuwa nalo siku ile ile. Hapana, baba. Si wewe. Alikuwa mgonjwa tayari na aliyeambiwa ni mimi. Wewe ulimtilia barafu kiganjani, naye akacheka, na sikumsikia akicheka tena baada ya hapo.

Mama yako